Sanrufu inavuja: usizibe juu, zibua chini

Tumelelewa na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na nadhani ndiyo iliyoziponza sanrufu nyingi, yale madirisha ya kioo yanayofunguka kwenye paa la gari. Mtu anaendesha gari, tone la maji linamtua gotini, anatazama juu. Anaona mpira uliozunguka kioo cha sanrufu, anaamua kwamba ufa uko pale. Kesho yake ananunua tyubu ya silikoni. Mvua ikirudi, goti linalowa tena, na safari hii hata sanrufu yenyewe haifunguki.

Mimi ni mmoja wa waliopita njia hiyo. Fundi aliyelishika gari langu mara ya kwanza alipaka silikoni pande zote nne za kioo, akailainisha kwa kidole kilichochovywa kwenye maji ya sabuni, kazi safi ya kupendeza macho. Mvua iliyofuata ilinikuta barabarani. Nilifunga breki, na maji yakanimwagikia kutoka kwenye taa ya darini kama vile kuna mtu alikuwa amekaa juu na kikombe akinivizia. Hapo ndipo nilipojiuliza maswali niliyopaswa kuanza nayo: maji yale yalikuwa yamekaa wapi muda wote ule? Na kwa nini yalisubiri breki?

Walioiunda sanrufu walijua tangu mwanzo kwamba maji yatapita kwenye ule mpira. Kazi ya mpira ni kukata upepo, kupunguza kelele na kuzuia sehemu kubwa ya mvua. Kinachobaki kinaruhusiwa kupenya, kwa sababu chini ya kioo kuna kitu cha kukipokea. Ni fremu ya chuma au plastiki, imekaa kama sinia lililotobolewa katikati, na kingo zake zimekunjwa zikawa mfereji mwembamba unaozunguka uwazi wote. Kwenye pembe za mfereji huo kuna vitundu, kwa kawaida vinne, na kila kitundu kimevikwa mrija laini ambao uwazi wake wa ndani mara nyingi haupokei hata kidole cha mwisho.

Mirija miwili ya mbele inashuka ndani ya nguzo zilizoshika kioo cha mbele, inapita kando ya dashibodi karibu na bawaba za mlango, kisha inatoa maji nje. Kwenye magari mengine mdomo wa mrija uko kwenye upenyo kati ya mlango na madigadi, kwenye mengine umejificha ndani ya madigadi nyuma ya tairi. Miwili ya nyuma inafuata nguzo za nyuma na kutokea nyuma ya bampa au juu ya tairi la nyuma. Mwishoni mara nyingi huwa kuna kijimpira chenye midomo iliyobanana, kinachoachia maji yatoke na kuzuia vumbi, wadudu na upepo visipande. Kikumbuke hicho kijimpira. Kina makosa mengi kuliko udogo wake.

Kwa hiyo mpangilio wote ni ule ule wa paa la bati na gata lake. Gata likijaa majani, maji yanafurika na kuchuruzika ukutani, na hakuna atakayepanda kupaka lami kwenye bati kwa sababu gata limeziba. Kwenye gari tunafanya hivyo hivyo kila siku kwa vile gata lake halionekani.

Sasa breki yangu. Mirija ya mbele ilikuwa imeziba, maji yakajaa mferejini na kutulia. Gari likienda mwendo wa taratibu hakuna dalili yoyote. Ukifunga breki, maji yote yanakimbilia mbele, yanaruka ukingo wa fremu na kuangukia juu ya dari ya kitambaa, ambayo inayapeleka kwenye tundu la kwanza inalolikuta. Tundu hilo ni la taa. Ukikata kona kushoto yanamwagika kulia. Ukipanda mlima yanarudi nyuma na kulowesha abiria. Gari linalomwaga maji linapobadili mwendo au mwelekeo, saa kadhaa baada ya mvua kukatika, limeshakueleza karibu kila kitu: maji yaliingia kihalali, yakakosa mlango wa kutokea.

Hata jinsi unavyoegesha ina neno. Gari likilala pua chini kwenye mteremko, mirija ya mbele ndiyo inayobeba mzigo wote. Likilala pua juu, kazi ni ya mirija ya nyuma. Ndiyo maana kuna mtu atakuapia kwamba gari lake linavuja kazini lakini nyumbani halivuji, na watu wanamcheka. Hakosei. Anaegesha kwenye miteremko miwili tofauti.

Je, ni sanrufu kweli?

Kabla hujagusa kitu, hakikisha unayemshuku ndiye mwenye kosa. Maji ndani ya gari hayashuki wima. Yanatembea juu ya waya, yanafuata mkunjo wa bati, yanapita chini ya kapeti na kujikusanya mahali palipo chini zaidi, ambapo huenda ni mita nzima kutoka yalikoingilia. Kapeti ya abiria wa mbele ikilowa, sanrufu ni mshukiwa mmoja tu kati ya kadhaa.

Kiyoyozi huunguruma siku nzima kikitoa maji, na yana mrija wake wa kutokea chini ya gari. Ukiziba, maji hayo yanamwagikia miguuni mwa abiria siku ya jua kali. Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi: je, gari linalowa hata kama mvua haijanyesha? Kama ndiyo, achana na paa. Ukikuta kapeti ina majimaji yanayonata vidoleni, yenye harufu tamutamu, na kioo cha mbele kina ukungu wa mafutamafuta, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kutoka kwenye radieta ndogo ya hita, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Wako na wengine. Lile sinia lililo chini ya waipa, mbele ya kioo, lina vitundu vyake vya kutolea maji, navyo huziba kwa majani na kuyasukuma maji yaingie kwenye njia ya hewa. Ndani ya mlango, nyuma ya ubao wake, kuna karatasi ya nailoni inayorudisha nje maji yanayopita kwenye kioo cha dirisha. Fundi wa redio au wa vioo akiibandua na kuirudisha ovyo, maji yanaingia chini kwenye kizingiti cha mlango. Kioo cha mbele kilichobadilishwa na kubandikwa vibaya huvuja kwenye nguzo ile ile unapopita mrija wa sanrufu, jambo linalochanganya hata mafundi wazoefu. Huko nyuma, shimo la tairi la spea likijaa maji, angalia pia mipira ya taa za nyuma, mpira wa mlango wa buti na kitako cha antena kilichofungwa juu ya paa.

Kuna mbinu moja ninayoipenda kwa sababu haihitaji kifaa chochote. Vuta mkanda wa kiti wote mpaka mwisho, uukague ule urefu ambao kwa kawaida umejikunja ndani ya nguzo. Ukiwa na madoa ya maji, ukungu au unyevu, basi maji yanashuka kutoka juu, ndani ya nguzo hiyo. Ukiwa mkavu wakati kapeti imelowa chapachapa, elekeza macho yako chini zaidi: mlangoni, kwenye kiyoyozi, kwenye sakafu. Si hukumu ya mwisho, lakini inapunguza orodha ya washukiwa.

Dalili nyingine za juu ni doa la rangi ya chai kwenye kitambaa cha dari karibu na pembe za sanrufu, kinga-jua iliyovimba, na harufu ya soksi mbichi unapofungua mlango asubuhi. Vioo vinavyojaa ukungu kwa ndani kila kukicha ni dalili kwamba mahali fulani kuna maji yaliyotuama, ingawa havisemi yametoka wapi.

Kikombe cha maji

Kipimo chenyewe kinahitaji watu wawili, kikombe na subira. Egesha gari mahali tambarare, fungua sanrufu yote, upanguse mfereji kwa kitambaa. Utashangaa: mchanga, chavua, mabawa ya wadudu, na tope jeusi linaloteleza, ambalo ni grisi ya reli iliyochanganyika na vumbi la miaka. Ondoa taka hizo kwanza, usije ukazisukumia wewe mwenyewe mrijani.

Tafuta kitundu cha pembe ya mbele. Mara nyingi kimejificha nyuma ya reli, na itabidi utumie tochi. Mimina maji taratibu karibu nacho, nusu kikombe tu, huku mwenzako amechuchumaa nje akitazama nyuma ya tairi la mbele la upande huo. Mrija mzima unafanya kazi bila kusita: maji yanazunguka kidogo kwenye kitundu, yanatoa mlio wa kukoroma, na baada ya sekunde chache mwenzako anaita kwamba yanatoka. Rudia kila pembe. Kwa zile za nyuma, fremu mara nyingi inafunikwa na kioo kilichorudi nyuma, kwa hiyo iache sanrufu imeinuka kwa mkia tu, umwagie maji kupitia ule uwazi kwa chupa yenye mdomo mwembamba.

Majibu ni matatu, na kila moja lina maana yake. Maji yakikaa palepale kama kwenye beseni, au yakishuka kwa kusuasua, mrija umeziba. Maji yakishuka vizuri na mwenzako akiyaona yote yakitoka nje, mrija huo ni mzima, nenda pembe nyingine. Jibu la tatu ndilo linalowapita wengi: maji yanashuka kwa kasi nzuri, unafurahi, lakini mwenzako haoni kitu. Yameenda wapi? Ndani ya gari. Mrija umechomoka kwenye kitundu chake, au umepasuka, au mdomo wake wa chini umetoka kwenye tundu la bati na sasa unamwaga nyuma ya dashibodi. Mtu anayefanya kipimo hiki peke yake, akisimama juu tu na kuona maji yanashuka, atatangaza kwamba mirija ni mizima, kisha ataenda kupaka silikoni.

Tia rangi ya chakula kidogo kwenye maji kama unataka uhakika. Doa jekundu likitokea kwenye kipande cha tishu ulichokiweka chini ya dashibodi, hakuna tena ubishi kuhusu maji hayo ni ya nani. Rangi iwe chache, maana kitambaa cha dari hakisahau.

Kama mirija yote minne imepita na gari bado linalowa, ndipo uchukue hosi. Maji yatoke polepole, bila kubana mdomo wa hosi, na uanze chini ukipanda juu: kwanza kizingiti cha mlango, kisha kioo cha mbele, mwisho paa. Kila sehemu ipe dakika kadhaa huku mwenzako yuko ndani na tochi. Ukianzia juu utalowesha kila kitu kwa mpigo mmoja na hutajua kilichovuja. Mashine ya kuoshea yenye presha haifai kabisa hapa. Inasukuma maji hata kwenye mpira mzima na kukuonyesha tatizo lisilokuwepo.

Kuzibua bila kuharibu

Mrija ukiziba, mkono wa kwanza wa kila mtu unakwenda kwenye kompresa ya gereji. Subiri. Mrija wa sanrufu umevikwa tu kwenye kitundu chake, mara nyingi bila hata klampu. Ukiupuliza kwa nguvu kutoka juu, hewa inagonga kizibo, inakosa pa kwenda, na mrija unachomoka kwenye kiungo kilicho dhaifu, ndani ya nguzo au nyuma ya dari ambako huwezi kufika bila kubomoa. Umeanza na mrija ulioziba, umemaliza na mrija usiokuwepo. Waya wa hanga nao una hatari yake: ncha yake inatoboa mrija kwenye mkunjo wa kwanza, na hutasikia kitu.

Anza chini. Tafuta mdomo wa kutokea, ukibonyeze kile kijimpira chenye midomo kwa vidole viwili. Mara nyingi sana taka zote zimekusanyika hapo: udongo uliokauka umeigandisha midomo isifunguke, au mdudu amejenga kiota. Kwangu mimi ndivyo ilivyokuwa. Nilifungua mlango wa mbele, nikaona kwenye upenyo wa madigadi kichuchu cheusi cha mpira kilichovimba kama puto la mtoto. Nilikibinya. Kilitema bonge la tope, halafu yakafuata maji ya kahawia, baridi, mfululizo, karibu lita nzima, yakalowesha kiatu changu. Silikoni yote ya juu ilikuwa inalinda gari dhidi ya kitu ambacho hakikuwa tatizo.

Wengine hukikata ncha kijimpira hicho ili kisizibe tena, na kwenye magari mengi inasaidia. Mimi ninakisafisha na kukiacha, kwa kuwa kinazuia pia vumbi na kelele za barabarani, lakini sitagombana na aliyekikata.

Kama kizibo kiko juu zaidi, tumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani. Ni mnene vya kutosha kusukuma na laini vya kutosha kufuata mikunjo. Yeyusha ncha yake kwa moto kidogo iwe mviringo isichome, kisha uuingize kwa kuuzungusha vidoleni, pole pole, kutoka juu au kutoka chini, popote panapofikika. Ukigonga kitu, vuta nyuma kidogo na kusukuma tena. Usilazimishe. Waya wa ndani wa breki ya baiskeli pia hutumika, mradi ncha yake imefungwa vizuri. Baadaye mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni, uache kidogo, umimine mengine. Ukitaka kutumia hewa, iwe ya pampu ya mkono au kompresa iliyopunguzwa presha kabisa, na heri kuvuta kuliko kusukuma: mashine ya kufyonza maji na vumbi ikibanwa kwenye mdomo wa chini kwa kitambaa hutoa taka bila kuutikisa mrija.

Rudia kipimo cha kikombe baada ya hapo, tena ukiwa na mtu wa kutazama. Kuzibua ndiko kunakochomoa mirija iliyochoka.

Mrija ukiwa umechomoka, hapo kazi inakuwa ya dari. Pembe za mbele unaweza kuzifikia kwa kufungua kinga-jua, vishikio na taa, ukabandua ubao wa nguzo na kuishusha dari kiasi cha kupitisha mkono. Angalizo moja ambalo si la mapambo: magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama iliyokunjwa kando ya paa na ndani ya nguzo hizo. Chomoa betri na usubiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, usivute viungo vya waya vya njano, na ubao ukirudi uhakikishe klipu zake zote zimekaa. Ubao uliofungwa kwa gundi au skrubu za kubahatisha unaweza kumrukia abiria usoni siku mfuko unapofumuka. Kama huna uhakika na sehemu hii, hapa ndipo pa kumwachia fundi, na umwambie kabisa unachotaka akifanye: arudishe mrija kwenye kitundu chake, asipake kitu juu.

Mirija ya zamani hukakamaa na kunywea, ikapungua urefu hata sentimita moja, na sentimita hiyo inatosha kuuvua kwenye kitundu. Kuurudisha tu haitoshi kwa kuwa utavuka tena. Kata ulioharibika, unganisha kipande kipya cha mpira wenye uwazi ule ule, ufunge kwa klampu ndogo au taiti ya plastiki isiyobana kupita kiasi, na hakikisha haukunjiki popote.

Fremu ya plastiki kupasuka ni jambo la kuudhi zaidi. Ufa hutokea mara nyingi kwenye shingo ya kitundu au kwenye pembe. Huo ndio ufa halali wa kuziba, na methali inarudishiwa heshima yake: safisha kwa spiriti, kausha kabisa, kwaruza kwa msasa, kisha paka gundi ya polyurethane au epoksi. Nimeona kazi kama hiyo ikidumu miaka. Ufa ukiwa mrefu, au fremu ikiwa imepinda, dawa ni kubadili fremu nzima, na hiyo ina maana ya kushusha dari yote.

Kioo na mpira wake

Sijasema kwamba mpira hauna makosa kamwe. Mpira uliochanika, uliokauka na kunywea kwenye pembe, au kioo kilichokaa upande, huingiza maji mengi kuliko mfereji unavyoweza kubeba, hasa mwendo wa kasi kwenye mvua kubwa. Utasikia pia mluzi wa upepo.

Kipimo chake ni kipande cha karatasi. Fungia karatasi kati ya mpira na paa, uivute. Ifanye hivyo kila baada ya sentimita 10 kuzunguka kioo chote. Ukinzani uwe unafanana. Ikiteleza bila kushikwa mahali fulani, hapo kioo kiko chini au mpira umechoka. Kisha pitisha kucha kutoka kwenye bati kwenda kwenye kioo. Kwa kawaida ukingo wa mbele unatakiwa uwe sawa na paa au chini yake kidogo sana, milimita 1 hivi, na ukingo wa nyuma uwe sawa au juu kidogo. Sababu ni upepo: ukingo wa mbele ukichomoza, unaupokea upepo kifuani na kuuingiza pamoja na maji. Kurekebisha si kazi ngumu. Pembeni mwa kioo, nyuma ya kifuniko cha plastiki, kuna skrubu chache zenye tundu la nyota ya ncha sita. Zilegeze, sogeza kioo, kaza, pima tena. Vipimo kamili viko kwenye kitabu cha gari husika.

Mpira usafishwe kwa maji ya sabuni na kupakwa grisi ya silikoni, ambayo si ile silikoni ya tyubu. Vaselini, oili ya injini na grisi ya kawaida havifai, vinauvimbisha mpira na kuulainisha mpaka uoze. Na ile ya tyubu, hasa inayonuka kama siki, inatoa asidi wakati inakauka na inaweza kuamsha kutu kwenye bati lililokwaruzika. Kuibandua kwenye gari langu kulinichukua mchana mzima na kipande cha mti kilichochongwa, nikiogopa kukwaruza rangi.

Sanrufu kubwa za panorama zinafuata kanuni hiyo hiyo ila zina tofauti moja ya maana. Baadhi ya vioo vyake havifunguki, vimebandikwa kwa gundi kama kioo cha mbele. Hivyo vikivuja, mirija haihusiki: gundi imeachia, na kioo kinatolewa na kubandikwa upya. Fremu zake ni ndefu, kwa hiyo hupinda na kupasuka kwa urahisi zaidi, na idadi ya mirija inaweza kuzidi minne. Tafuta mchoro wa gari lako kabla hujaanza kumwaga maji.

Kukausha

Watu wengi huishia hapa, mrija umezibuka, wanaanika gari juani milango ikiwa wazi, kapeti inakauka kwa juu, basi. Chini ya kapeti kuna sponji nene, wakati mwingine unene wa vidole viwili, na inashika maji kama ilivyoumbwa kushika. Juu pakavu, chini bwawa. Kwenye magari mengi waya mkuu unapita humo humo, na baadhi yana visanduku vya kompyuta vimefungwa chini ya viti au chini ya kapeti. Hitilafu za ajabu zinazokuja wiki kadhaa baada ya uvujaji, kama vioo vinavyojishusha, taa ya mfuko wa hewa inayowaka, gari linalogoma kujifunga, mara nyingi zinaanzia kwenye kiungo cha waya kilichoota kutu ya kijani sakafuni.

Kwa hiyo chomoa betri, toa viti, inua kapeti. Viti vya kisasa vina waya za mifuko ya hewa na vihisio, kwa hiyo usivivute kabla ya kuvichomoa. Kama kapeti haitoki yote, inyanyue upande mmoja na kuiweka juu ya matofali au vipande vya mbao ili hewa ipite chini, fyonza maji kwa mashine, elekeza feni. Kagua bati la sakafu, na vizibo vya mpira vilivyo sakafuni unaweza kuvitoa maji yashuke. Viungo vya waya vilivyolowa vifunguliwe, vipuliziwe dawa ya kusafisha umeme, na viachwe vikauke kabla ya kurudishwa.

Nilifanya hivyo kwenye gari langu, feni ikiwaka mchana na usiku. Siku ya nne nilikanyaga sponji ya upande wa abiria kwa kisigino, na bado ilitoa povu la maji ya kahawia yale yale yaliyolowesha kiatu changu.